Sikiliza Mawe, Usisikilize Mchele

Jumatatu, 5 Mei 1947

Naanza kwa jina la Mola na kwa kalamu ya serikali. Leo nimekabidhiwa daftari hili lenye taji la mfalme juu ya jalada. Mkuu wa skuli ni Mzungu ambaye watoto wamempa jina la Bwana Kengele, kwa vile kengele haimtoki mkononi. Amesema kila mwalimu aandike kila siku alichofundisha. Nikamwuliza, kwa herufi zipi? Akasema zozote nizijuazo. Basi naandika kwa herufi za Kiarabu, ambazo yeye hajui zaanzia kulia au kushoto, na kwa hiyo nitasema nipendavyo.

Anayeandika ni Athmani bin Jamaldin wa Kibokoni, umri miaka arubaini na saba, zamani serahangi, msimamizi wa makuli pale Kilindini. Ndiye yule ambaye winchi ilipoponyoka na mzigo wa tani tano aliidaka kamba kwa meno, akaishika mpaka wenzake wakamaliza chai. Jino lililokwenda ni moja tu. Na leo mimi ni mwalimu wa Kurani katika skuli ya serikali, Makadara, chumba cha mwisho, kipindi cha kwanza cha asubuhi, watoto thelathini na mmoja, wavulana kwa wasichana.

Kazi nimeipata hivi. Mwalimu wa zamani amehamia Lamu kwa mwanawe. Habari ilipofika barazani nikasema, hata mimi naweza, nimehitimu Kurani mara tatu. Kamaludin mshona kofia, mtu ambaye ulimi wake una sindano kuliko kikasha chake, akaenda kuwaambia wazee wa kamati ya skuli ili kunikomoa. Wazee wakanikubali. Tangu siku hiyo Kamaludin hali akashiba.

Na kazi si ndogo. Watu wa mitaa yetu waliwatoa watoto wao kwa skuli ya serikali kwa sharti moja, kwamba Kurani isomwe mle. Dada yangu Mwanaesha alipompeleka kitinda mimba wake, Khairiya, alimwambia Bwana Kengele usoni: "Siku Kurani itakapotoka mlango huu, na mwanangu atatoka nayo." Si yeye peke yake aliyesema hivyo. Kipindi kikifa, nusu ya madawati yatabaki na vumbi, na Khairiya atarudi kukuna nazi.

Jumanne, 6 Mei

Mvua. Nimefundisha.

Jumatano, 7 Mei

Nimewasomesha kama tulivyosomeshwa sisi chuoni, kwa mwalimu wa Kurani. Kila mtoto na pahali pake: huyu yuko Alhamdu, yule yuko katikati ya Amma, Khairiya amekwishafika Yasini. Wote wasome kwa sauti, wote kwa wakati mmoja, na mwalimu apite katikati akiwasikiliza. Atakayekosea nimsimamishe hapo hapo. Ndivyo ilivyokuwa tangu enzi za mababu.

Upande wa pili wa ukuta, na ukuta wenyewe ni mbao tupu, yumo Mwalimu Mutunga, Mkamba mrefu mwenye miwani. Yeye kipindi hicho huwasomesha dini yao watoto Wakristo, wale ambao baba zao wako reli na bandarini. Kipindi kizima wao huimba amri kumi za Nabii Musa kwa Kiswahili. Makelele yao yaniingia masikioni. Simpendi. Ananitazama kwa juu ya miwani kama mtu anayekagua samaki.

Jumatatu, 12 Mei

Leo nina mengi.

Tulikuwa tumepamba moto, watoto wanatikisika, bati la paa lanatikisika, mara kengele ikalia mlangoni. Bwana Kengele. Watoto wakanyamaza. Akaingia na mikono nyuma.

"Mwalimu, hii ni skuli au mnada?"

"Skuli, Bwana."

"Nani anasoma?"

"Wote."

"Nani anasikiliza?"

"Mimi."

"Unamsikiliza nani?"

"Wote."

Akavua kofia, akaivaa tena. "Katika skuli hii mmoja anasema, wengine wanasikiliza. Watoto thelathini wakisema maneno thelathini, hakuna anayefundishwa. Mtu hawezi kusikia hivyo."

"Mtu gani, Bwana? Mimi ni Athmani. Wakati wa vita nilikuwa nimekaa zangu Kilindini, nikasikia nyambizi ya Mjapani ikikohoa nje ya mlango wa bahari. Nikawaambia wakubwa. Asubuhi walipotazama, haikuwapo."

"Bila shaka haikuwapo," akasema.

Nikaona amekubali, kumbe wapi. Akasema mwezi wa Julai atakuja mkaguzi wa elimu, na atakuja na sheikh ajuaye Kurani. Watoto watasoma hivi hivi, wote pamoja. Baadhi yao watakoseshwa kwa makusudi, kwa siri. "Ukiwasikia wote, kipindi kitabaki. Ukikosa hata mmoja, chumba hiki kitakuwa cha useremala, na dini watajifunza nyumbani kwao."

Hapo mtu mwenye akili angesema, nitajaribu. Mimi nikasema, "Hata wakiwa mia, Bwana."

Akatoka. Nikachungulia kwenye ufa wa mbao nikamwona Mutunga amesimama, anatusikiliza. Sasa namjua aliyekwenda kutuchongea kwamba tuna makelele.

Jumanne, 13 Mei

Barazani habari ilikuwa imenitangulia.

"Athmani," asema Kamaludin, kofia gotini, sindano mdomoni, "nasikia utawasikiliza watoto thelathini na mmoja kwa masikio mawili. Yale ishirini na tisa utaazima kwa nani?"

"Kwako sitaazima. Yako yamejaa pamba."

"Mwanangu Famau yuko chumbani mwako, yakhe. Ukishindwa namtoa. Wallahi namtoa, namtia kwenye kofia."

"Mtie kwenye kofia ukipenda. Kichwa chake kikubwa kuliko chako."

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka.

Ijumaa, 16 Mei

Mvua. Juu ya bati siwezi kusikia hata sauti yangu.

Jumatatu, 19 Mei

Mvua. Watoto kumi na wanne tu. Njia ya Makadara imekuwa mto. Nimewabebea wasichana wawili mgongoni, na njiani nikakutana na papa. Mdogo.

Jumatano, 28 Mei

Leo limetokea jambo, na kama si herufi hizi kuwa zangu peke yangu nisingeliandika.

Khairiya alikuwa akisoma Yasini. Nikasimama mbele yake, nikimtikisia kichwa. Alifika pahali, sauti ikayumba kidogo, akaendelea mistari miwili, kisha akasita na kuniinulia macho.

Nikasema, "Endelea. Vizuri."

"Mjomba, nimekosea."

"Najua. Nilitaka nione kama utajijua mwenyewe."

Akatazama chini. Mtoto wa miaka kumi na moja ana adabu kunishinda. Njia nzima ya kurudi Kibokoni alinibebea mwavuli. Angelinicheka ningelimfokea, mambo yakaisha.

Basi nayaandika. Sikuhitimu mara tatu. Sikuhitimu hata mara moja. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nimefika Suratul Jinni, maana chuoni twaanza mwisho wa msahafu tukipanda kuelekea mwanzo, nikatoroka chuo kwenda Kilindini kutazama meli zikishusha chuma cha reli. Nikasema nitarudi kesho. Hiyo kesho sasa ina miaka thelathini na mitano. Kuanzia Jinni kushuka hadi mwisho wa Amma nikeshe nikisoma, hunikuti na kosa. Lakini Khairiya yuko mbele yangu, na wenzake wanne wanamfuata. Kila siku ninayowafundisha vizuri, wananipita. Mkaguzi akija Julai, watakuwa wamefika nisikokujua, na nitakuwa sisikii kitu, nimesimama kama gogo la bandarini.

Khairiya hakumwambia mama yake. Nilipokwenda kula nilimtazama dada usoni nikaona hajui. Mke wangu tangu atangulie mbele ya haki, mimi hula kwa dada. Nimekula kidogo. Sahani mbili tu.

Alhamisi, 29 Mei

Hajui? Nani asiyejua!

Jioni nilikaa sebuleni, msahafu mkononi, nikajaribu Yasini mwenyewe, polepole, kwa sauti ndogo. Dada yuko uani anachambua mchele. Kati yetu kuna ukumbi, mlango na kuku. Nikafika mstari wa nne. Sauti ikatoka uani:

"Rudi nyuma."

Nikadhani amwambia kuku. Nikaendelea.

"Athmani. Rudi nyuma. Umelivuta lisilovutwa."

Nikarudi. Mistari miwili mbele:

"Hapo tena."

Na wakati huo huo Khairiya alikuwa akisoma ndani, jirani Bi Tumu akimtukana muuza maji dirishani, na mwadhini ashaanza. Nikaweka msahafu, nikatoka uani. Dada hata hakuinua kichwa juu ya ungo.

"Tangu lini wajua?" nikamwuliza.

"Tangu ulipotoroka, baba akanipa mimi mahala pako mkekani. Ulidhani ubao wako alipewa nani? Nilihitimu mwaka wa pili yake. Mwanamke hafanyiwi shangwe, basi hukusikia."

Mimi nimekula kwa mkono wa mwanamke huyu miaka yote nikimwona ni wa jikoni. Nimesimulia mbele yake, si mara moja, jinsi nilivyohitimu mara tatu. Alikuwa akinipakulia mchuzi.

Nikamwambia yote: mkaguzi, watoto, useremala. Akaendelea kuchambua. Kisha akasema:

"Njoo kesho baada ya alasiri. Na uje umetawadha."

Jumamosi, 31 Mei

Nimeketi mkekani uani kama mtoto. Nimepigwa kofi la mkono mara mbili. Nasema mara mbili, zilikuwa nne.

Jumanne, 3 Juni

Jinni nimemaliza, sasa twapanda kuelekea Yasini. Dada amesema, "Miaka thelathini na mitano kwa sura moja, si haba."

Alhamisi, 12 Juni

Leo nimejua nilivyomdhulumu mtu.

Baada ya kipindi Mwalimu Mutunga alinifuata nje, chini ya michirizi ya bati. Nikajiweka tayari. Miaka ishirini nimegombana na makuli, najua mtu anayekuja kwa shari.

"Mwalimu Athmani, naomba neno."

"Sema. Umeshasema mengi kwa Bwana Kengele, moja kwangu ni nini?"

Akavua miwani, akaifuta maji. "Wewe wafikiri ni mimi niliyekuchongea?"

"Kuna mwingine nyuma ya mbao zile?"

"Mzee, siku ile aliniita ofisini kabla hajaja kwako. Akaniuliza kama makelele yenu yananisumbua. Nikamwambia, wanangu wamezoea, bila wao wanasinzia. Hakulipenda jibu hilo." Akavaa miwani. "Umesikia alivyosema? Hakusema Kurani watajifunza nyumbani. Alisema dini. Chumba chako kikiwa cha useremala, changu kitakuwa ghala la mbao. Baba za watoto wangu hawana nyumba za kusomea hapa Mombasa. Wanalala sita chumba kimoja kule kambi za reli. Wakinyimwa hapa, wamenyimwa."

Nikamshika mkono. Nikamwambia, "Basi nisamehe. Miye nilikuona wanitazama kwa juu ya miwani."

"Kwa sababu kwa ndani yake sioni mbali," akasema.

Tulicheka mpaka Bwana Kengele akapiga kengele kwa ajili yetu peke yetu.

Ijumaa, 13 Juni

Mutunga ana akili. Amesema: "Wewe wataka kujizoeza kusikia? Basi nami nitawaambia wangu wapaze sauti." Leo vyumba viwili vimesoma pamoja kwa nguvu zote. Punda wa muuza maji amekataa kupita.

Jumatano, 18 Juni

Sisikii. Nasikia bahari tu. Nimemkosoa Famau ambaye hakukosea, nikamwacha Tumu mdogo, wajina wa jirani yetu, aliyekosea mara tatu. Kamaludin jioni aliuliza, "Vipi masikio?" Nikasema yanaota meno.

Alhamisi, 19 Juni

Nilimwambia dada ukweli: ninapomsikiliza mmoja, thelathini wananipotea, nikiwasikiliza thelathini, simsikii hata mmoja.

Alikuwa na ungo tena. Akaniambia nisogee, akanishika mkono, akautia ndani ya mchele.

"Tafuta mawe."

Nikainama, nikakodoa macho, nikaanza punje moja moja.

"Utakula mwezi ujao," akasema. "Tazama mimi." Mkono wake ukapita juu ya mchele kama mtu anayempapasa mtoto, macho yake yako kwa kuku. Jiwe likatoka. Jingine. "Mchele ni mwingi, na wote ni mmoja. Siutazami. Mkono wapita tu, na jiwe lajitaja lenyewe. Na weye usisikilize mchele, Athmani. Sikiliza mawe."

"Na nitayajuaje?"

"Hutayajua mpaka mchele uwe umekuingia mkononi. Haya, Yasini, tangu mwanzo."

Jumatatu, 23 Juni

Mvua ndogo. Yasini.

Jumanne, 24 Juni

Yasini.

Alhamisi, 26 Juni

Yasini. Nimeisoma njiani, nimeisoma kwa kinyozi, nimeota naisomea winchi.

Jumatatu, 30 Juni

Nimesikia jiwe!

Niliwapa mgongo, nikafunga macho, nikaacha kusikiliza. Ikawa kelele ile ile ya bahari. Mara ndani yake kitu kikanikwaruza, kama punje ya mchanga kwenye jino. Sikujua hata ni nani, mdomo wangu ndio uliosema, "Famau, rudi nyuma." Famau akafungua macho kama aliyeona jini. "Mwalimu, umejuaje?" Nikamwambia nina sikio la tatu kisogoni, nimelificha kwa kofia. Tangu hapo watoto wote wanakitazama kisogo changu.

Lakini watoto wawili wa Yasini walinipita bila kuwasikia. Dada aliwasikia jioni uani, mmoja baada ya mwingine, huku akikaanga.

Jumamosi, 5 Julai

Sasa nawasikia wanne kati ya watano. Nikikosa hata mmoja kipindi kimekufa.

Amri kumi za kina Mutunga nazo zimenikaa kichwani, sikuziita. Asubuhi nilikuwa nikivua viatu msikitini nikajikuta nimefika ya saba.

Jumatano, 9 Julai

Kamaludin amenipita barazani bila utani. Kisha akarudi. "Famau jana aliniamsha kwa Amma. Yuwasoma kuliko nilivyosoma miye." Akasimama kidogo. "Usishindwe, Athmani. Nilisema nitamtoa, na nimesema mbele za watu. Siwezi kurudi nyuma. Basi usishindwe."

Sikujua kama mtu huyu ana moyo. Nilidhani mle ndani pana uzi tu.

Jumatatu, 14 Julai

Kesho. Famau ameniletea kofia mpya, kazi ya mkono ya baba yake, vito, vile vitundu vya sindano, vidogo kama macho ya dagaa. Ujumbe: isije ikasemwa kwamba mwalimu wa mwanangu avaa kiota. Yanitosha barabara. Alinipima kichwa lini, sijui.

Jumanne, 15 Julai

Nitaandika mpaka wino uishe.

Alfajiri dada alifika skulini mwenyewe, buibui na bakuli. Alikuwa ameandika kombe, aya za Kurani kwenye sahani, kwa zafarani, akaliosha kwa maji ya marashi, na kila mtoto akanywa funda moja. Bwana Kengele alipopanga mstari na kuwakagua akakuta ndimi thelathini na moja za manjano. Akarudi nyuma hatua mbili, akataka dawa iletwe. Mutunga akamweleza kwamba ni zafarani tu, bei yake ni ghali kuliko dawa. Tukaanza siku hivyo.

Mkaguzi ni mzee mfupi, masharubu meupe. Sheikh alitoka Malindi, kanzu nyeupe, uso usiosema kitu. Bwana Kengele akataka chumba cha pili kinyamaze. Mutunga akasimama mlangoni kwake.

"Ni kipindi chetu pia, Bwana."

Mkaguzi akasema, "Waache wasome."

Nikapelekwa ukutani, uso kwenye mbao, mgongo kwa watoto. Nyuma yangu sheikh akapita kwa kila mtoto, akamnong'oneza kila mmoja sikioni, ili asijulikane aliyeambiwa akosee na aliyeambiwa asome tu. Alipomaliza, Bwana Kengele akapiga kengele.

Na papo hapo mvua ikaja. Julai! Mvua ya mchoo, ya kipupwe, nzito, kama serikali imeiagiza. Bati likanguruma. Watoto wakapaza sauti juu ya mvua, kina Mutunga wakapaza juu ya watoto. Mimi nilikuwa nikisikia kama mtu aliyemo ndani ya ngoma inayopigwa. Jasho likanishuka mpaka kwenye kofia ya Kamaludin. Nikamtafuta Tumu, nikampoteza. Nikamtafuta Famau, nikampoteza. Nikajikuta nakodoa masikio punje moja moja.

Nikakumbuka ule mkono juu ya ungo.

Nikafunga macho. Nikawaacha wote. Mvua ikawa mchele, Amma ikawa mchele, Nabii Musa akawa mchele. Nikangoja.

Kikanikwaruza. "Tumu. Umeacha neno. Rudi nyuma."

Nikangoja. Kikanikwaruza tena, kushoto. "Famau. Umekivuta kifupi. Rudi."

Kisha pakawa safi muda mrefu. Nilianza kuogopa. Nikawaza: wa tatu amenipita, amepita zamani, ni katika wale wa Yasini. Na hapo, chini kabisa ya kelele zote, kwa sauti ninayoijua tangu ikiwa na siku moja, nikasikia pale pale. Mahali pale pa tarehe ishirini na nane Mei, nilipotikisa kichwa na kusema vizuri.

"Khairiya binti Mwanaesha," nikasema, na sauti yangu ilijaa chumba, "rudi nyuma."

Kengele. Watoto wakanyamaza. Nikageuka. Sheikh alikuwa ameshika kidevu chake.

"Watatu," akamwambia mkaguzi. "Niliwakosesha watatu, na ndio hao."

Watu wangu, hapo mtu wa kawaida angenyamaza. Lakini upande wa pili wa mbao walikuwa wanaendelea, na kitu kilikuwa kimenikwaruza, na mimi kama ujuavyo, ewe daftari, sinyamazi.

"Bado mmoja," nikasema.

Bwana Kengele akaruka. "Ah! Wanne? Sheikh anasema watatu. Basi amesikia kosa lisilokuwapo!"

Mkaguzi akaniuliza, taratibu kabisa, "Huyo wa nne ni nani?"

"Simjui jina lake, Bwana, na hayumo humu. Yumo nyuma ya mbao hizi. Katika amri za Nabii Musa kuna sauti nyembamba ya msichana imetoka amri ya nne ikatua ya sita. Amewaruka wazazi wake."

Walitazamana. Tukatoka mlango huu tukaingia mlango ule, mkaguzi mbele, Bwana Kengele nyuma yake, miye nyuma yao na kofia yangu. Mutunga akawageukia watoto wake.

"Nani ameruka ya tano, ya kuwaheshimu baba na mama? Aseme kweli, hapigwi mtu."

Kwenye dawati la mwisho mkono ukainuka, wa Rispah, binti wa Ogutu karani wa reli. Machozi yanamlenga.

"Ni mimi, mwalimu. Mvua ilinitisha."

Mkaguzi alicheka mpaka akashika mlango. Alicheka mpaka masharubu yakalowa. Mutunga akavua miwani akaifuta, na safari hii haikuwa na maji ya mvua. Nikamwambia Rispah, "Usilie, mwanangu. Mimi niliruka zaidi ya hayo, na nilikuwa mkubwa kuliko weye."

Mkaguzi akatoa karatasi akaandika palepale, amesimama: vipindi vyote viwili vibaki, vyumba vyote viwili, na useremala ujengewe banda lake uwanjani. Bwana Kengele akaisoma mara mbili. Nimpe haki yake: alikuja akanipa mkono. "Mwalimu," akasema, "ile nyambizi. Labda ilikuwapo."

"Ilikuwapo, Bwana. Ilisikia jina langu ikaondoka."

Wakati wa kuagana sheikh wa Malindi alinivuta kando.

"Umehitimu kwa nani, Mwalimu Athmani?"

Nikasema, "Kwa mwalimu mmoja mkubwa wa Kibokoni."

"Jina lake nani?"

Kengele ikalia. Watoto wakamiminika, wakanibeba mabegani mpaka barabarani, thelathini na mmoja, na wa Mutunga juu yao. Sheikh akapotea kwenye zogo, na swali lake sikulijibu.

Jumatano, 16 Julai

Barazani nimesimulia mara saba. Ya saba watoto walikuwa mia na mvua ilikuwa ya mawe. Kamaludin alikuwa akinitilia kahawa, na kila nilipopunguza yeye akaongeza.

Ila swali la sheikh limekaa jinoni. Mara saba nimesimulia, na katika zote saba uani hapakuwamo mtu, dada sikumtaja.

Ijumaa, 18 Julai

Skuli imefungwa. Mwezi wa Ramadhani huenda ukaandama leo magharibi, na kila nyumba inavunja jungu, karamu ya mwisho kabla ya mfungo, moshi umetanda Kibokoni nzima.

Desturi yetu ya chuo ni hii: mtoto akiivuka Yasini, wazee wake hupeleka sinia kwa mwalimu wake, na mtoto mwenyewe hulibeba kichwani, mchana, njia kuu, ili mtaa ujue nani amefika na nani amemfikisha. Mimi wazee wangu wamekufa. Nimepika mwenyewe. Pilau, kuku mzima, vipande vya nazi juu. Pilau imeungua kidogo chini, lakini chini hakuonekani.

Nikavaa kanzu ya Idi na kofia ya Kamaludin, nikaweka kata ya kitambaa kichwani, nikajitwisha sinia. Mtu wa miaka arubaini na saba. Nikashika njia ya mbele, inayopita barazani, si ile ya nyuma.

Walikuwa wote wamekaa.

"Athmani!" akaita Kamaludin. "Leo umekuwa kuli tena? Sinia la nani hilo?"

Nikasimama katikati ya njia. "La mwalimu wangu. Nimevuka Yasini."

"Umevuka Yasini? Si ulihitimu mara tatu?"

"Niliwadanganya. Nilikomea Jinni. Aliyenivusha ni dada yangu, Mwanaesha binti Jamaldin, aliyehitimu nikiwa nazurura Kilindini, na tarehe kumi na tano sikio lililosikia lilikuwa lake, mimi nililibeba tu. Nitajieni mwanamume mmoja wa Mvita hii mwenye mwalimu kama wangu. Mmoja tu! Asikia kosa la Kurani kupitia ukuta, mlango na kuku, huku akikaanga!"

Vikombe vya kahawa vikawekwa chini. Kisha Kamaludin akasimama, akaacha viatu vyake barazani, akaja akashika upande mmoja wa sinia. Tukaenda nalo wawili, na baraza zima nyuma yetu, na mbele ya mlango wa dada akina mama wakasikia ni sinia la nini, wakapiga vigelegele. Vile ambavyo hakupigiwa mwaka ule.

Dada akatoka uani, unga mikononi. Akalitazama sinia. Akaitazama kofia. Akawatazama watu waliojaa mlango mpaka njiani, akajifuta macho kwa kiwiko maana mikono ilikuwa na unga. Kisha akasema:

"Jana mstari wa kumi na mbili uliukimbiza kama unadaiwa. Tuanze hapo. Keti."

Nikaketi, mbele yao wote, mkekani, kanzu ya Idi na miguu nimeikunja. Na waulize waliokuwapo: hakuna mtu Mombasa nzima aliyepata kuketi kama nilivyoketi mimi.